Karata za taroti na bao la ramli: Mzazi wao ni mmoja



Ndugu msomaji, miezi michache iliyopita, baada ya darsa ya Jumamosi ninayosomesha kwa vijana na akina mama, binti mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Ni msomi, ana kazi yake, na tangu nianze darsa ile sijawahi kumuona akikosa. Akatoa simu na kunionesha picha ya karata tatu zilizopangwa juu ya kitambaa cheusi. Moja ilikuwa na mifupa iliyopanda farasi, ya pili ina mnara unaopigwa na radi. Rafiki yake anayejifunza "kusoma taroti" alimchomolea karata hizo kwa njia ya simu, akamwambia kuwa mwanamume aliyemposa si wake na ndoa hiyo itaanguka kama mnara ule. Binti alikuwa ameshawaambia wazazi wake kuwa posa irudishwe.

Akaniambia: "Ustadh, mimi siabudu karata. Swala tano nasali, Ramadhani nafunga. Hii ni kama kusikiliza utabiri wa hali ya hewa tu. Ubaya wake uko wapi?"

Swali hili si la binti huyu peke yake. Nimeulizwa na wanafunzi wangu wa sekondari, nimeulizwa na wasomi wa chuo kikuu. Wengi wao wangeona aibu kuonekana kwenye kibanda cha mpiga bao, lakini karata katika simu wanaziona ni jambo la kisasa. Kwa hiyo leo, kwa uwezo wa Allah (SW), tuzitazame dhana potofu zilizolizunguka jambo hili moja baada ya nyingine. Na mwisho nitaeleza kwa nini mimi binafsi siwezi kulichukulia kama mchezo.

Dhana ya kwanza: Ni elimu ya kale

Wanaozinadi karata hizi husema ni hekima ya Misri ya kale, iliyofichwa na makuhani wa mafarao. Historia inasema vingine. Karata za kuchezea ziliingia Ulaya katika miaka ya 1370, na wanahistoria wengi wanaona zilitokea Misri ya Kiislamu, wakati wa utawala wa Wamamluki. Kule Italia ya kaskazini, katika miaka ya 1440, matajiri wa miji kama Milan na Ferrara walikuwa na karata zilizoongezwa picha maalumu. Hizo ndizo taroti: karata 78, kati yake 22 zikiwa za picha kubwa na 56 za kawaida. Kazi yake ilikuwa mchezo, kama watu wanavyocheza karata barazani.

Zaidi ya miaka 300 ikapita hivyo. Mwaka 1781, huko Paris, mwandishi Antoine Court de Gébelin akadai kuwa picha zile ni kitabu cha siri cha Wamisri. Wakati huo hapakuwa na mtu yeyote Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri ya kale. Ufunguo wake ulipatikana kwa Champollion mwaka 1822. Yaani alidai kufahamu siri za kitabu ambacho lugha yake haijui! Miaka minne baadaye Mfaransa mwingine aliyejiita Etteilla akachapisha kitabu cha kutabiri kwa karata hizo, akaifanya kazi ya kumpatia riziki. Na zile picha alizonionesha binti zilichorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909. Huo ndio ukale wake.

Sasa tusiwacheke Wazungu kabla hatujajitazama. Na sisi tuna dhana kama hiyo juu ya ramli. Utasikia mtu anasema: "Ramli ni elimu ya Nabii Idris." Hushika hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, ambamo Muawiya bin al-Hakam (r.a.) alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu watu wanaopiga mistari. Mtume (SAW) akamjibu kuwa alikuwepo Nabii aliyekuwa akipiga mistari, na ambaye mstari wake utaafikiana na wa Nabii huyo, basi huyo ndiye. Kwanza, hadithi haikumtaja Nabii huyo kwa jina. Pili, Imam Nawawi ameeleza kuwa ruhusa imefungwa na sharti lisiloweza kutimizwa: nani leo ana yakini kuwa mistari yake imeafikiana na ya Nabii yule, ambaye alikuwa akipata wahyi? Kwa kuwa yakini hiyo haipo, ruhusa nayo haipo. Tatu, katika mazungumzo hayo hayo Mtume (SAW) alimkataza Muawiya kwenda kwa makuhani. Mtu anayenukuu kipande kimoja na kuuficha kingine hafundishi dini, anatafuta wateja.

Dhana ya pili: Mbona huwa inapatia?

Hili ndilo linalowanasa wengi. "Ustadh, aliniambia mambo ambayo hakuna anayeyajua."

Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha akampa kila mmoja karatasi yenye maelezo yake. Akawataka wayape alama kati ya 0 na 5 kwa namna yalivyowaelezea kwa usahihi. Wastani ulizidi 4. Kisha akawafichulia kuwa wote wamepewa maelezo yale yale, na sehemu kubwa ya maneno hayo aliyatoa katika kitabu cha nyota cha kuuzwa mitaani. Kila mmoja alijiona yeye.

Jaribu mwenyewe. Mwambie mtu yeyote wa Kariakoo: "Una jambo linakukosesha usingizi. Kuna mtu wa karibu humwamini sana. Unawapa watu wema, wao hawakurudishii." Tisa katika kumi watakuuliza nani amekwambia. Ongeza hapo jicho la mpigaji linalosoma nguo, pete na machozi ya mteja, na maswali anayouliza huku mteja mwenyewe hajui kuwa anajibu.

Tena maana za karata zimefanywa mpira. Karata ya Kifo, wenyewe husema haina maana ya kufa bali "mabadiliko". Kwa hiyo ukifiwa imepatia, ukihama nyumba imepatia, ukiachishwa kazi imepatia. Na ikikosea, unasahau. Mtu hukumbuka mara moja aliyopatiwa na kuzisahau tisa alizodanganywa.

Mtume (SAW) alilijibu swali hili hili. Bi Aisha (r.a.) amepokea kuwa watu walimuuliza kuhusu makuhani, akasema hao si chochote. Wakasema: lakini wakati mwingine wanasema jambo likawa kweli. Akawaeleza kuwa hilo ni neno la kweli analolinyakua jini, akalitia sikioni mwa rafiki yake, kisha wakalichanganya na uongo zaidi ya mia moja. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Angalia hesabu yake: ukweli mmoja, uongo mia. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayenunua gunia la mchele lenye punje moja safi.

Na majini wenyewe hawajui ghaibu. Katika Suratu Saba aya ya 14 Allah ametusimulia kuwa majini waliokuwa wakimtumikia Nabii Suleiman (a.s.) waliendelea na kazi ngumu naye ameshafariki, hawakujua mpaka mdudu alipoila fimbo yake. Ikiwa maiti aliye mbele yao hawakujua kuwa ni maiti, vipi watajua mumeo wa mwakani?

Dhana ya tatu: Ni kama utabiri wa hali ya hewa

Hapana. Mtaalamu wa hali ya hewa hupima upepo, joto na mawingu, mambo ambayo Allah ameyafanya kuwa sababu za mvua. Daktari hupima damu. Elimu ya falaki iliyowasaidia mabaharia wetu na inayotupa nyakati za swala ni hesabu ya mwendo wa jua na mwezi. Yote hayo yanakaguliwa, na yakikosewa kosa linaonekana. Karata iliyochanganywa haina uhusiano wowote na moyo wa mwanamume aliyekuposa.

Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (SAW), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Kwa mtu anayetafuta umaarufu hiyo ilikuwa fursa kubwa. Mtume (SAW), pamoja na majonzi yake, alisimama akawaambia kuwa jua na mwezi ni alama mbili miongoni mwa alama za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu.

Dhana ya nne: Natazama tu, siamini

Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Hapo ni kuuliza tu. Ama anayemwendea akamsadiki, imekuja katika hadithi nyingine kuwa amekufuru yale aliyoteremshiwa Muhammad (SAW).

Hapa kuna kosa ambalo nimelikuta kwa macho yangu. Kijana mmoja aliacha kuswali baada ya kusikia hadithi hii, akasema: "Kama haikubaliwi, ya nini kujichosha?" Ndugu yangu, hivyo sivyo. Wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, wameeleza kuwa maana yake ni kukosa thawabu. Wajibu wa kuswali uko pale pale, na akiswali faradhi inamtoka. Aliyeacha kuswali kwa sababu hiyo ameongeza shimo juu ya shimo. Dawa yake ni toba, na mlango wa toba uko wazi.

Dhana ya tano: Mpigaji ni shekhe, anasoma Qur'an

Kanzu, ubani na tasbihi havibadilishi kitu. Ruqya ya kisheria ni kumsomea mgonjwa Qur'an na dua zilizothibiti kwa maneno yanayosikika na kueleweka, huku mkitegemea kuwa mponyaji ni Allah. Ukiona mtu anakuuliza jina la mama yako ili apige hesabu, anakutajia aliyekuroga, anataka kuku wa rangi fulani au anaandika usivyovielewa, huyo ni mpiga ramli hata kama anaanza kwa Bismillahi.

Na malipo yake? Mtume (SAW) amekataza malipo ya kuhani katika hadithi moja na malipo ya uzinzi. Sayyidna Abubakar (r.a.) aliwahi kula chakula alicholetewa na mtumishi wake. Alipoambiwa kuwa kimetokana na malipo ya uaguzi aliowahi kuufanya zama za ujahiliya, alitia kidole mdomoni akatapika chote. Leo pesa hiyo inatumwa kwa simu, na baadhi yetu tunaiita sadaka.

Dhana ya sita: Ni kioo cha nafsi

Hii ndiyo hoja mpya, na ndiyo hoja ya wasomi. Wanasema taroti haitabiri, bali picha zinamsaidia mtu kujitafakari na kupata utulivu wa roho.

Nataka niwe mwadilifu hapa. Ni kweli kuwa watu wengi hutoka kwa msoma karata wakiwa wamepumua. Lakini tujiulize, kilichowapumzisha ni nini? Ni kwamba kwa saa nzima mtu amekaa mbele yao, hakuwakatiza, hakuwahukumu, akawauliza yaliyo moyoni. Utulivu huo umetoka katika kusikilizwa, karata hazina mchango wowote. Hilo ni jambo zuri, na Uislamu umelihimiza kwa jina la shura na nasaha.

Kama picha ni ya kutafakari tu, kwa nini ichanganywe na kuchomolewa kwa kubahatisha? Si mngechagua picha mnayotaka mkazungumza? Kule kuchanganya kunaonesha kuwa kuna kitu kinasubiriwa kiseme. Na hapo ndipo taroti inapokutana na mishale ya Makureshi. Waarabu wa zama za ujahiliya, mtu akitaka kusafiri au kuoa, alichomoa mshale: mmoja wa "fanya", mmoja wa "usifanye", mmoja mtupu. Nao hawakuuita ushirikina, waliuita kutafuta muongozo. Allah ameukataza katika Suratul Maida aya ya 3, kisha katika aya ya 90 akautaja pamoja na pombe, kamari na masanamu kuwa ni uchafu wa kazi ya shetani. Na Mtume (SAW) alipoiteka Makka alikuta ndani ya Al-Kaaba picha ya Ibrahim na Ismail (a.s.) wameshikishwa mishale hiyo. Akachukizwa na kusema kuwa wao hawakuitumia kamwe.

Wengine huuliza: je, kura si halali? Kura ni halali kwa kugawa haki baina ya watu walio sawa. Mtume (SAW) alipiga kura kati ya wake zake kujua nani asafiri naye. Kura ile haikudai kujua ghaibu, iliondoa upendeleo.

Kwa nini kwangu si mchezo

Nilikuwa darasa la tatu. Mdogo wangu alikuwa mtoto wa kuugua: vidole vinavimba, macho yanakuwa ya manjano, usiku analia miguu. Ndugu wakamshauri mama aende "kutazamia". Mpiga bao akachora kwenye mchanga, akasema mwenye kumla mtoto ni mwanamke wa upande wa baba, anaingia nyumbani kwenu na chakula.

Mwanamke huyo alikuwa mmoja tu. Shangazi yangu alikuwa akituletea bakuli la bokoboko kila Ijumaa baada ya swala. Ijumaa iliyofuata mama alilipokea bakuli mlangoni, hakumkaribisha ndani. Chakula kikamwagwa nyuma ya nyumba mbele ya macho yangu, na bakuli likarudishwa siku ile ile. Shangazi alielewa. Hakuja tena, na baba hakusemezana naye.

Miaka miwili baadaye mtoto alipozidiwa alipelekwa hospitali kubwa, akapimwa damu. Ulikuwa ugonjwa wa seli mundu. Ugonjwa huu mtoto haurogwi. Huurithi kwa baba na mama kwa pamoja, bila ya wao kujua na bila ya kosa lao. Miaka miwili ile tulikuwa tukitafuta mchawi, na mtoto alikuwa akikosa dawa. Mdogo wangu alifariki akiwa na miaka saba. Allah amrehemu. Siwezi kusema angepona. Najua kuwa angetibiwa.

Na yetu ilikuwa ndogo. Nchi yetu imeshuhudia vikongwe wakiuawa na ndugu zetu wenye ualbino wakikatwa viungo kwa sababu ya ramli za namna hii, mpaka Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wa ramli chonganishi. Wenye mapanga walishtakiwa, lakini kila panga lilitanguliwa na mtu aliyeketi kwa utulivu akasema: "Naona."

Binti yule aliyerudisha posa na mama yangu aliyerudisha bakuli wametofautiana zama na chombo tu. Wote wawili walimhukumu mtu ambaye hakuitwa kujitetea.

Tufanye nini?

Kwanza, aliyekwisha kwenda atubu. Aache, ajute, aazimie kutorudi, na kama kwa ramli hiyo alimdhulumu mtu kwa tuhuma, aende akamtake radhi. Toba ya haki ya mja haikamiliki kwenye mkeka wa swala peke yake.

Pili, mwenye jambo la kuamua aswali istikhara. Jabir (r.a.) amesema Mtume (SAW) alikuwa akiwafundisha istikhara kama alivyowafundisha sura ya Qur'an. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua. Si lazima uote ndoto, si kufungua Msahafu na kuweka kidole, wala si ya kumlipa mtu akuswalie. Unauliza wenye ujuzi, unamuomba Allah, unashika njia, na unaridhika na atakachokukadiria.

Tatu, ugonjwa upelekwe hospitali, na aliyezongwa na mawazo amwone mtaalamu wa ushauri nasaha. Kumsomea mgonjwa Qur'an hakuzuii kumpa dawa.

Nne, na hili ni letu sisi maustadhi na maimamu. Watu wanakwenda kwenye karata kwa sababu huko kuna kiti na kuna mtu wa kusikiliza. Misikitini kwetu, mama mwenye shida anapewa dakika mbili mlangoni, tena kwa kukemewa. Kila msikiti utenge siku na mahali, pawe na wanaume na wanawake waaminifu, watunza siri, wa kuwasikiliza watu. Tukikaa kimya katika hili, mpiga bao hatafunga biashara.

Ama yule binti, nilimuuliza jambo moja: "Mwanangu, kabla ya karata, kulikuwa na kitu kinakutia wasiwasi kuhusu kijana huyu?" Akanyamaza, kisha akasema kuwa kila akimuuliza kuhusu kazi yake anabadilisha mazungumzo. Nikamwambia: hilo ni swali la haki kabisa. Muulize yeye, mbele ya walii wako, na wazazi wachunguze. Akijibu vizuri, umepata. Asipojibu, umejua kwa ushahidi, wala hukumdhulumu.

Na shangazi yangu? Nilipomaliza chuo nilimtafuta, nikamkuta mtu mzima. Nilipoanza kumtaka radhi kwa niaba ya nyumba yetu alinikatiza, akauliza: "Yule mdogo alizikwa wapi? Sikuambiwa." Nilimpeleka. Alikaa pale kaburini muda mrefu akimuombea dua mtoto ambaye bao la mchanga lilisema alikuwa akimla.

Allah atuhifadhi na kusema juu yake na juu ya waja wake tusiyo na elimu nayo. Wabillahi tawfiq.